Ofisi Isiyo na Raba

Siku ya kwanza nilipoingia ofisi ya akina Luoma kuwafungia seva, ile kompyuta kuu ya kutunzia kazi zao, mzee Reino mwenye ofisi alinipokonya penseli. Nilikuwa nimeinama naandika namba za nyaya, yeye akaja na koleo dogo mkononi, akasema samahani mama, akaichukua penseli yangu, akang'oa kile kiraba cha nchani, akakitupa kwenye pipa la taka na kunirudishia. "Sasa karibu," akasema.

Ilibaki kidogo nimrushie koleo lake. Mimi, Colette Beaudry, hasira zangu ziko karibu, mji mzima wa Negaunee unajua, na fundi wa kompyuta haguswi vifaa vyake na mteja. Lakini binti yake, Heidi, aliniwahi. Akanieleza kwamba wapimaji ardhi hawafuti. Namba ukishaiandika msituni, hata kama umeikosea, unaikata kwa mstari mmoja mwembamba ili ibaki inasomeka. Iliyo sahihi unaiandika pembeni, kisha unaweka herufi za jina lako na tarehe. Atakayekuja baada yako aone ulidhani nini, aone ulisahihisha nini, na ajue wa kumuuliza. Mzee alimfundisha hivyo tangu akiwa mtoto, na ofisini kwao raba haijawahi kuvuka kizingiti, hata ile ya kwenye ncha ya penseli ya mgeni.

Nikacheka, hasira ikaisha, na tangu siku hiyo nikawa mtu wa pale. Nina wateja wakubwa kuliko hao katika mji huu, wenye ofisi za mazulia, lakini mimi nikipigiwa simu na akina Luoma naenda hata kama nina homa. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja kirefu. Seva yangu iko kwenye kabati la makoti, katikati ya mabuti ya theluji. Saa nne kahawa inachemka, na mzee anakata mkate wa iliki, ule wa Kifini, anaouoka mwenyewe tangu mkewe Lempi alipofariki. Haujui kuumuka, mkate ule. Tunaula tu, tena tunaomba kuongezewa.

Mwaka juzi mzee aliuweka muhuri wake wa mpimaji kabatini na Heidi akaanza kugonga wa kwake kwenye ramani zote. Kwa hiyo kwa maandishi mzee Reino ni mstaafu. Kwa miguu yake mwenyewe, hapana. Kila asubuhi ndiye anayefungua mlango, anawasha taa, anakaa kwenye kiti chake cha dirishani na kufungua michoro ya kazi, mipya kwa ya zamani, anaiangalia moja moja huku akinung'unika kwa furaha.

Simu yake ilinikuta wiki ile ya mwisho kabla ya msimu wa kuwinda kulungu, wakati kila mtu huku anakimbiza kazi, maana bunduki zikishaanza kulia hakuna mpimaji mwenye akili anayeingia msituni. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka mwisho wa juma, nzito na ya majimaji, ikaangusha matawi kwenye nyaya na umeme ukakatika nusu ya mji. Wateja walinipigia mpaka nikasahau kula.

"Mama fundi," mzee akasema, "seva yako imenikana."

Nikamuuliza inasemaje.

"Inasema sina ruhusa. Mimi. Kwenye folda niliyoianzisha mimi."

Nilikwenda na chakula changu mkononi, pasti, ile kama sambusa kubwa ya kuoka yenye nyama na viazi, iliyokwisha poa. Kwanza nikafungua kabati. Seva yangu ilikuwa inanguruma polepole, taa zake zote kijani, haina hata habari kwamba umeme ulikatika. Nikaenda kwa Duane, mchoraji wao, mtu wa maneno machache na masharubu mengi, nikamwomba afungue folda ya pamoja wanayoiita Kazi, ambamo michoro yao yote imo. Ikafunguka. Heidi alikuwa nje msituni na vipimo vyake. Nikakaa kwenye kiti cha mzee, nikaifungua folda ile ile kwa jina lake, na kompyuta ikanijibu bila kupepesa: huna ruhusa.

Sasa, folda ile haimjui mtu mmoja mmoja. Inajua vikundi. Mimi mwenyewe niliunda kikundi kinachoitwa Wapimaji: ukiwemo, unafungua, unasoma na unabadilisha, usipokuwemo, mlango umefungwa. Nikatazama waliomo. Heidi yumo. Duane yumo. Mzee Reino hayumo.

Nilikaa nikikuna kichwa. Umeme ukikatika unaweza kuharibu mengi, lakini hauchagui jina la mtu ukalinyofoa peke yake. Nikajiambia chanzo nitakitafuta baadaye, mzee kwanza afanye kazi. Nikamrudisha kwenye kikundi, nikajaribu tena. Huna ruhusa.

Hilo halikunishangaza. Ukiingia kwenye kompyuta asubuhi, seva inakupa kitu kama tiketi, na juu yake kumeandikwa vikundi vyako. Hata vikibadilika mchana, tiketi iliyo mkononi mwako ni ile ile ya asubuhi, mpaka utoke na kuingia upya. Nikamwambia mzee atoke, aingie tena, yataisha.

Hapo ndipo tulipogombana kidogo, maana mzee Reino hatoki. Kwake yeye kutoka ni kuzima kioo na kuchukua kofia. Alikuwa na michoro ya akina nani sijui imefunguliwa kwenye kompyuta yake mwenyewe, na orodha ya ununuzi, na picha ya samaki, akaniambia akifunga vyote hivyo atapotea asijue alifikia wapi. Nikamwambia apotee nimwone. Akasema atatoka akishakunywa kahawa, si kabla, akaenda zake kwenye birika. Wakati bado anamimina, gari la Heidi likaingia uani.

Alikuja na theluji mpaka magotini na kizibao cha rangi ya machungwa ili wenye haraka ya kuwinda wasimdhanie kulungu. Aliponiona nimekaa kwenye kiti cha baba yake uso ulimbadilika. Akaniomba nikamsaidie kushusha ile miguu mitatu ya kusimamishia kipimo. Heidi anaibeba ile miguu kwa bega moja tangu ana miaka kumi na tano. Nikainuka nikamfuata.

Nje, nyuma ya gari, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimemrudisha.

"Nimemrudisha nani?"

"Baba. Kwenye kikundi."

Nikamtazama. "Kumbe ni wewe uliyemtoa."

Akanieleza huku anapangusa theluji isiyokuwepo kwenye gari. Kulikuwa na mteja, Tervo, anayetaka kujenga gereji kando ya ziwa, na ana haraka ya kumwaga msingi kabla ardhi haijaganda. Mchoro ulikuwa tayari, muhuri wa Heidi umeshagongwa, na yeye alikuwa anaondoka kwenda kupanda bikoni za mpaka. Akautupia jicho mara ya mwisho, na kona moja ikamtia shaka. Alipoikagua akakuta imehama. Imeingia kwenye kiwanja cha jirani, imekaa katikati ya banda la kuni la watu. Seva inaweka kumbukumbu ya aliyebadilisha faili mwisho, na aliyebadilisha alikuwa baba yake. Mzee alifungua mchoro, akaona kona ambayo kwa kumbukumbu zake haikukaa sawa, akairekebisha kwa namba iliyokuwa kichwani mwake, akahifadhi. Namba yenyewe haikuwa ya kiwanja kile. Na haikuwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo zilikuwepo nyingine, ndogo ndogo, Heidi akizirudisha kimya kimya bila kumwambia mtu.

"Tervo angejenga kwa jirani, Colette," akasema. "Na muhuri ni wangu."

Wakimnyang'anya leseni, ofisi imekufa, yeye na Duane wako barabarani. Kwa hiyo Ijumaa, kabla theluji haijaanguka, aliingia kwenye ukurasa mdogo niliomtengenezea wa kuongeza na kuondoa wafanyakazi, ili asinipigie simu kila wanapopata kibarua wa majira ya joto. Ukurasa ule una vitufe viwili tu, ongeza na ondoa. Akabonyeza ondoa. Mchana kutwa mzee akaendelea kuingia kwenye folda kama kawaida kwa ile tiketi yake, Heidi akadhani amebonyeza vibaya. Umeme ulipokatika na kompyuta zote kuwaka upya, ndipo mlango ulipofungwa kweli, na ofisi nzima ikalaumu theluji.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia baba yake.

"Nimwambie nini? Kwamba kichwa chake..." Akasema tangu mama yake afariki, mzee hana kitu kingine ila ile ofisi. Akiambiwa asiguse michoro atabaki nyumbani na redio yake, na majira ya baridi hayatamwacha hai. Kisha akaniomba. Nimwambie mzee kwamba seva iliharibiwa na umeme, kwamba tunasubiri kifaa kutoka mbali. Msimu wa kulungu ukipita atatafuta namna ya kusema.

Hapo hasira zilinipanda, na sioni haya kusema kwa nini. Mtu ananitaka niipake matope seva yangu mwenyewe. Niliijenga kwa mikono hii, haijazimika hata siku moja kwa kosa langu.

"Seva yangu ina afya kuliko mimi na wewe," nikamwambia. "Kilichoganda ni mdomo wako, Heidi."

Akaanza kulia, amesimama wima, ile miguu mitatu begani. Mimi machozi ya mtu mwenye suruali ya theluji siyawezi. Nikamwambia haya, basi. Nitalitoa jina tena, lakini sidanganyi mtu. Nitanyamaza tu. Na yeye atasema na baba yake kabla ya kulungu, la sivyo nitasema mimi.

Nikarudi ndani nikamwondoa mzee Reino kwenye kikundi kabla hajamaliza kikombe chake. Nikamwambia bado naangalia. Lilikuwa neno la kweli kwa kipimo chake. Yeye akanitazama kwa yale macho yake ya rangi hafifu, akanikatia kipande cha mkate kinene kuliko cha kawaida, akakifunga kwenye karatasi nile njiani.

Kesho yake akapiga simu kuuliza kama imepona. Bado naangalia, mzee. Akapiga tena. Bado naangalia. Heidi naye nikimtumia ujumbe ananijibu kwamba leo jioni atasema, na jioni ikifika hasemi. Kisha mzee akaacha kupiga, na ukimya ule ulinitisha kuliko simu zake zote.

Akapiga siku ya mwisho ya kazi kabla ya msimu. Mitaani kila gari lilikuwa limejaa bunduki, blanketi na bia. Mzee akasema, kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri, "Njoo saa ya kahawa, mama fundi. Nimeipata shida ya seva yako."

Nilipofika mkate ulikuwa umeshakatwa. Heidi alikuwa mezani kwake, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Duane alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimezama humo. Mzee alisimama karibu na dirisha, amevaa tai. Sikujua kwamba ana tai.

Akaanza kwa kutueleza jambo ambalo wote tulilijua. Jiwe la mpaka likipotea, mpimaji hachimbi chimbi ovyo kwa kubahatisha. Anasimama mahali anapopajua, anapima. Anakwenda kusimama kwingine anapopajua, anapima tena. Pale mistari miwili inapokutana, ndipo pa kuchimba. Basi na yeye amefanya vivyo hivyo. Alimwomba Duane aingie kwa jina lake Duane kwenye kompyuta ya Duane: folda ikafunguka. Akamwomba aingie kwa jina hilo hilo kwenye kompyuta ya dirishani: ikafunguka. Halafu mzee akaingia kwa jina lake mwenyewe, kwanza hapa, kisha pale. Zote mbili zikamkataa.

Kwa hiyo alitoka na kuingia, mtu asiyetoka. Alizifunga zile picha zake za samaki na kila kitu. Moyo uliniuma nilipoliwaza hilo, na papo hapo nikaona fahari, maana sijamwona fundi anayekagua kwa usafi kuliko ule.

"Mashine haina kosa," akasema. "Seva haina kosa, naiomba radhi. Nimepima kutoka pande mbili, Heidi, na mistari inakutana kwenye jina langu. Nani amelitoa?"

Najua Heidi alikuwa ameandaa maneno, maana alikuwa ameyafanyia mazoezi kwangu kwa simu. Yote yakamkimbia.

"Mimi, Baba."

Mzee akauliza sababu. Heidi aliufungua mchoro wa Tervo, ule aliouokoa, na kando yake ule uliobadilishwa, akampisha baba yake kiti. Mzee akavaa miwani. Akaweka kidole kwenye kioo, akafuata mpaka kutoka barabarani, ukapita kwenye mierezi, ukashuka kuelekea ziwani, mpaka kidole kikaingia kwenye banda la kuni la jirani kikakwama hapo. Akarudi mwanzo, akafuata tena. Hakuna aliyekunywa kahawa.

"Namba hii ni ya ziwa la akina Maki," akasema taratibu. "Niliipima mimi. Lempi ndiye aliyenishikia fimbo ya kupimia. Tulikuwa hatujaoana."

Heidi akafunika mdomo kwa kiganja.

"Alivaa buti zangu," mzee akasema. "Zilimpwaya. Namba ile siwezi kuisahau." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena, akaitazama ile kona. "Lakini haikai hapa. Nimekosea."

Kama ningekuwa na pa kujificha ningejificha, hata kabatini pamoja na seva. Nilitegemea aseme anakwenda nyumbani, achukue kofia, na mlango ufungwe nyuma yake, na Heidi alitegemea hivyo hivyo, niliona kwa jinsi alivyoitazama ile kofia. Mzee hakuigusa. Aligeuza kiti amwelekee binti yake, na alipoongea nilisikia kwamba amekasirika, tena sana, ila si kwa lile tulilodhani.

"Ungeniambia."

"Niliogopa kukuvunja moyo, Baba."

"Ulipokuwa mdogo ulifuta namba kwenye daftari langu kwa raba ya shule. Nilifanya nini?"

"Ulinirudisha msituni tukapima upya. Mvua inanyesha."

"Namba uliyoifuta ilikuwa sahihi?"

"Ilikuwa imekosewa."

"Ilikuwa imekosewa," mzee akakubali. "Ulikuwa na haki ya kuiondoa. Niligomba kwa sababu ulificha kwamba iliwahi kuwepo." Akasogeza kiti karibu naye. "Sasa mimi ndiye namba iliyokosewa. Nikate, Heidi, muhuri ni wako, una haki. Lakini usinifute. Nikate mstari mmoja, nibaki nasomeka chini yake, na uweke herufi zako nijue ni nani aliyenikata."

Duane akainuka akasema anakwenda kutazama kama theluji imeongezeka, akatoka bila koti. Mimi sina desturi ya kulia mbele ya wateja. Niliitazama dari ya akina Luoma, ina doa la maji umbo la kiatu, nalijua doa lile mpaka leo.

Heidi akanigeukia, uso umelowa, akaniuliza kama inawezekana baba yake aone kila kitu asiweze kubadilisha kitu. Nikamwambia ni jambo jepesi kuliko yote aliyowahi kuniomba. Nikamkalisha yeye mwenyewe mbele ya kompyuta, maana nilitaka iwe kwa mkono wake. Nilielekeza, yeye akabonyeza. Tukaunda kikundi kipya, tukakiita Wasomaji. Tukakipa folda yote ya Kazi, kufungua na kusoma, basi. Ndani yake akaandika jina la Reino Luoma. Chini ya kila jina kuna nafasi ndogo ya maelezo, ambayo katika maisha yangu ya kazi sijaona mtu akiijaza. Nikamwonyesha.

Akaandika polepole, kidole kimoja kimoja, baba yake amesimama nyuma yake anasoma juu ya bega: Reino Luoma, mpimaji. Sasa anasoma, habadilishi. H.L.

Akataka kuhifadhi.

"Tarehe," mzee akasema.

Akaweka tarehe.

Nikamwambia mzee atoke, aingie upya. Safari hii hakubishana. Akaenda kwenye kiti chake cha dirishani, akatoka, akangoja, akaingia. Folda ikafunguka. Zilikuwemo kazi zake zote, tangu zile za karatasi zilizopigwa picha, mpaka ya juzi. Akaufungua mchoro wa Tervo, akaishika ile kona kwa kipanya, akaivuta kwa makusudi kuelekea banda la kuni, akajaribu kuhifadhi. Kompyuta ikamjibu kwamba hana ruhusa ya kubadilisha faili hii. Akajaribu tena, kwa sababu mpimaji hapimi mara moja. Ikakataa tena.

"Mstari mmoja," akasema. "Safi."

Heidi alikuwa amekuja akasimama kando yake. Akina Luoma si watu wa kukumbatiana, sijawahi kuwaona. Aliweka mkono begani kwa baba yake na kuuacha hapo, mzee akauinamishia shavu kidogo, kisha akaniambia nimwite yule Duane kabla hajaganda huko nje.

Nilirudi kwao msimu wa kulungu ulipokwisha. Nilikwenda kumgombeza Duane kwa kuingia ingia kwenye kompyuta isiyo yake, na ninakiri gombezo lenyewe halikuwa na nguvu. Kahawa ilikuwepo, mkate ulikuwepo, mgumu vile vile. Mzee alikuwa dirishani anasoma. Siku hizi hana tena namna ya kurekebisha kimya kimya, kwa hiyo anapaza sauti kutoka mwisho wa chumba, watu wote wasikie. Aliita kwamba kona ya kaskazini ya akina Kangas haijakaa vizuri. Heidi akaacha alichokuwa anafanya, akasema naangalia, Baba, akainuka, akaenda, akainama kando yake wakatazama pamoja, akapima. Ilikuwa imekaa vizuri. Akamwambia iko sawa, akamshukuru, akarudi mezani kwake.

Sikuwa nimemaliza hata kikombe changu mzee akaita tena. Kona ya kaskazini ya akina Kangas. Duane akaniangalia. Heidi akaweka kalamu chini.

"Naangalia, Baba," akasema, akainuka.